Mshono Unapokatika: Kweli na Si Kweli Kuhusu Uchovu wa Chuma Kilichochomelewa

Trela linaletwa karakana likiwa na ufa kwenye chesisi. Fundi anaufuata ufa kwa grainda, anaujaza weldi, anabandika pleti juu yake na kupaka rangi. Miezi michache baadaye trela limerudi, na ufa mpya umeanzia pale pale pleti inapoishia. Mwenye gari analaumu stiki za bei rahisi, fundi analaumu mizigo, dereva analaumu matuta. Kila mmoja ana haki kidogo. Asiyeulizwa ni mshono wenyewe: una umbo gani, umewekwa wapi, na chuma kilicho chini yake kimevutwa na kuachiwa mara ngapi.

Wahandisi huliita jambo hili uchovu wa chuma. Limekuwa likipimwa maabara kwa zaidi ya miaka 150, lakini mengi yanayosemwa kulihusu, karakanani na hata ofisini, hayapatani na yale mashine za majaribio zinayoonyesha.

“Kilichobeba tani 40 leo hakitashindwa na tani 20 kesho.”

Si kweli. Hesabu hiyo inafaa kwa mzigo uliotua ukatulia. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ya treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilikatika. Mabehewa yalipandiana, moto ukazuka, na zaidi ya watu 50 wakafa, akiwemo baharia mashuhuri wa Kifaransa Jules Dumont d'Urville. Ekseli za namna hiyo zilikuwa zikikatika kwenye reli nyingi za Ulaya zikiwa kwenye kazi yake ya kila siku.

Aliyelipatia jambo hili vipimo ni Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, aliyejenga mashine za kuzungusha ekseli huku zikiwa zimepindwa na mzigo, akahesabu mizunguko hadi zikatike. Kufikia 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha matokeo yake. Chuma huvunjika kwa mkazo ulio chini sana ya uwezo wake, mradi urudiwe vya kutosha. Tena kinachoamua zaidi ni tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini katika kila mzunguko, kuliko kilele peke yake.

Kwa viungo vilivyochomelewa, majaribio yaliyofuata yameipa kanuni hiyo makali zaidi: uhai hufuata tofauti ya mkazo kwa kipeo cha tatu. Punguza mkazo kwa nusu, kiungo kitaishi mara 8. Uongeze kwa robo tu, uhai unabaki karibu nusu. Mwenye lori anayezidisha mzigo kwa robo huona faida ya safari ile. Chesisi inaandika deni lake kwa hesabu nyingine.

“Mtikisiko hugeuza chuma kuwa chembechembe, ndiyo maana kinakatika.”

Si kweli, ingawa wasomi wa karne ya 19 waliiamini na bado unaisikia. Walidanganywa na uso wa mvunjiko. Chuma kilichokatika kwa uchovu huonyesha sehemu mbili: moja nyororo, iliyofifia, yenye mistari iliyopinda inayoonyesha ufa ulipopumzika na ulipoendelea; nyingine ni ya kukwaruza na kumetameta, mahali ambapo chuma kilichobaki kilishindwa ghafla. Waliona kumetameta wakasema chuma kimebadilika. Chuma kilikuwa na chembe zake tangu kilipopoa. Kilichotokea ni ufa kukua, kidogo kidogo, hadi kilichobaki hakikutosha.

Hapa watu hutoa mfano wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Mfano huo si mbaya, ila unapotosha katika jambo moja kubwa: waya unaouona ukikunjika umekwisha kupinda, haurudi wenyewe. Boriti ya daraja hupitiwa na mamilioni ya malori ikirudi kila mara mahali pake, bila alama yoyote ya kuonekana kwa macho, na ufa unatembea.

“Tumia chuma chenye nguvu zaidi, mshono utadumu zaidi.”

Si kweli, na hapa ndipo hata wenye vyeti hubisha. Chukua fito laini ya chuma, isiyo na mshono, isiyo na mkwaruzo. Chuma chenye nguvu zaidi hapo kweli hustahimili mikazo mikubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya uhai wa fito huliwa na kazi ya kuuzaa ufa. Ukishachomelea, kazi hiyo imekwisha kufanywa. Kwenye ukingo wa mshono, pale metali iliyoyeyuka inapokutana na pleti, hubaki vijitakataka vya slegi vilivyozama sehemu chache za kumi za milimita. Kwa macho huvioni. Kwa ufa, huo ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Juu ya hayo, umbo la mshono linabadilika ghafla hapo hapo, kwa hiyo mkazo unarundikana.

Basi uhai wa kiungo unakuwa uhai wa kukua kwa ufa, na nyufa hukua kwa mwendo unaokaribiana katika vyuma vyote vya ujenzi, viwe vya nguvu ndogo au kubwa. John Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walilipima jambo hili kwa boriti kubwa zilizochomelewa, za vyuma vya nguvu tofauti, katika utafiti uliotolewa 1970. Mambo mawili tu yalibeba matokeo: tofauti ya mkazo na aina ya kiungo. Nguvu ya chuma haikuleta tofauti ya maana.

Kanuni za Ulaya za miundo ya chuma, Eurocode 3, zimelifuata hilo bila kusitasita. Kila aina ya kiungo ina namba yake, nayo ni tofauti ya mkazo kwa megapaskali ambayo kiungo kinaruhusiwa kubeba mara milioni 2. Kiungo chenye namba 56 ni 56 kikiwa cha chuma cha megapaskali 355, na ni 56 kikiwa cha chuma cha karibu maradufu ya nguvu hiyo. Mnunuzi aliyelipia chuma ghali ili apunguze unene wa pleti amepandisha mkazo kwenye mshono ule ule, na uhai umepungua kwa kipeo cha tatu.

“Sehemu inayobanwa tu haiwezi kupasuka.”

Si kweli. Mshono unapopoa husinyaa, na chuma cha pembeni kinakataa kuufuata. Matokeo yake ni mvuto unaobaki ndani, ambao unaweza kukaribia kikomo cha chuma kabla kiungo hakijabeba hata kilo moja. Ukikibana, unapunguza mvuto huo, ukikiachia, unarudi. Ufa unaona kuvutwa tupu. Mabamba ya juu ya boriti zinazobeba reli za kreni, ambako magurudumu hukandamiza mchana kutwa, hupasuka kwenye mishono yake.

Maabara hupata taabu na jambo hili. Kipande kidogo cha majaribio, kilichokatwa kutoka kiungo kikubwa, hupoteza sehemu ya mvuto huo wa ndani na kwa hiyo huishi zaidi kuliko kaka yake aliye kazini. Wapimaji makini hulirekebisha kwa kukivuta kipande muda wote wa jaribio, mzigo ukipanda na kushuka bila kufika sifuri. Ripoti isiyosema mzigo wa chini ulikuwa kiasi gani, mimi huisoma kwa mashaka.

“Kipande kidogo kisichobeba mzigo hakina madhara.”

Si kweli. Kati ya ajali zinazotajwa humu, imani hii ndiyo iliyoua wengi zaidi.

Alexander L. Kielland lilikuwa jukwaa la kuelea katika eneo la mafuta la Ekofisk, upande wa Norwei wa Bahari ya Kaskazini. Lilijengwa Dunkirk, Ufaransa, na kukabidhiwa 1976. Lilibuniwa kwa ajili ya uchimbaji lakini likatumika kama bweni la wafanyakazi. Lilikaa juu ya nguzo tano zilizoshikanishwa kwa mihimili ya mabomba makubwa. Jioni ya 27 Machi 1980, katika upepo mkali, mmoja wa mihimili iliyoishika nguzo moja, uliopewa jina D-6, ulikatika. Mihimili mingine iliyoishika nguzo hiyo ikazidiwa mmoja baada ya mwingine, nguzo ikang'oka, jukwaa likalala upande. Dakika zipatazo 20 baadaye lilipinduka. Lilikuwa na watu 212; walikufa 123.

D-6 lilikuwa bomba la kipenyo cha mita 2.6, lenye unene wa milimita 26. Ufa haukuanzia kwenye kiungo kikuu chochote. Ulianzia kwenye kishikio cha haidrofoni, chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji: kijibomba cha kipenyo cha milimita 325 kilichopenyezwa kwenye tundu la mhimili na kuchomelewa kulizunguka tundu hilo kwa mshono wa milimita 6. Kishikio hicho kilihesabiwa kuwa kifaa, si sehemu ya muundo, na hakikupata uangalifu ambao muundo unapata. Mshono ulikuwa na umbo baya na ulikwisha kupasuka. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, maana yake ufa ulikuwapo kabla jukwaa halijapakwa rangi kiwandani. Kilichobaki ni mawimbi. Wimbi moja kila sekunde 6 ni zaidi ya mawimbi milioni 5 kwa mwaka, na D-6 lilikaa baharini kwa takriban miaka minne.

Kinachowapotosha watu ni neno “kubeba”. Kishikio hakibebi kitu, lakini kimeshikamana na chuma kinachobeba. Mhimili ukivutwa, kishikio kinakataa kuvutika, na mkazo unaopita pembeni unajirundika kwenye ukingo wa mshono wake. Ndiyo maana Eurocode inakipa kipande kilichochomelewa kwa urefu juu ya pleti namba kulingana na urefu wake. Kisichozidi milimita 50 ni 80. Kinapopita milimita 100 ni 56. Pleti tupu, isiyo na mshono, ni 160. Kibao cha urefu wa kiganja, kilichochomelewa ili kushikilia waya wa taa, kimepunguza mkazo unaoruhusiwa hadi karibu theluthi.

Kwa maoni yangu ukaguzi wa mchoro wowote ungeanza na vitu hivi: ndoano za kunyanyulia, miguu ya ngazi, vishikio vya nyaya, kibao cha jina la mtengenezaji. Boriti kuu zina mtu aliyezihesabu. Hivi huwekwa mchana wa mwisho, na yeyote aliye na mashine karibu.

“Paongeze pleti, pataimarika.”

Kwa mzigo mmoja, kweli. Kwa mizigo inayorudiwa, mara nyingi pleti inahamisha tatizo hadi mwisho wake na kulikuza. Daraja la Yellow Mill Pond kule Connecticut, Marekani, lilianza kutumika 1958 likiwa na boriti zilizoongezewa pleti kwenye mabamba yake ili zibebe zaidi katikati. Mwaka 1970, wakati wa kusafisha na kupaka rangi, nyufa zilionekana kwenye miisho ya pleti hizo. Mmoja ulikwisha kulikata bamba la chini la boriti na kuanza kupanda. Ni miaka 12 tu ya malori.

Mwisho wa pleti ya namna hiyo umo kati ya viungo vibaya kabisa katika vitabu vya kanuni. Pleti ikiwa nene, namba yake huweza kushuka hadi 36. Fundi anayelazimika kuziba ufa wa chesisi atafanya vizuri akiupeleka mwisho wa kiraka mahali ambapo mkazo ni mdogo, na asiweke mshono wa kukata njia ya mvuto pale chesisi inapofanya kazi kubwa.

“Mshono mnene ndio imara.”

Si kweli kwa pleti zilizounganishwa kichwa kwa kichwa. Kilima cha weldi juu ya pleti kinaongeza chuma mahali ambapo hakihitajiki na kufanya ukingo kuwa mkali. Mshono huo huo ukisagwa ukawa sawa na pleti, na ukikaguliwa ndani, namba yake ya Eurocode hupanda hadi 112.

“Jaribio likifika milioni 2 bila kukatika, kiungo kitaishi milele.”

Si kweli. Milioni 2 ni desturi ya kulinganishia. Mashine ya haidroliki inayovuta mara 10 kwa sekunde huifikia kwa saa 56 hivi, nayo ni rahisi kupangia ratiba. Daraja linalopitisha malori 2,000 kwa siku linaifikia kabla ya miaka mitatu kwisha.

Kuna kiwango cha mkazo ambacho chini yake ufa haukui, ikiwa mzigo ni wa kiasi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama ulivyo maabara. Barabarani mizigo imechanganyika. Malori mazito machache yanasukuma ufa, na ufa ukishakua, malori mepesi ambayo mwanzoni hayakuwa na la kufanya sasa nayo yanauma. Ndiyo maana kwa mizigo iliyochanganyika Eurocode huendelea kuhesabu madhara ya mikazo midogo hadi kwenye mzunguko wa milioni 100. Kwenye grafu ya matokeo ya majaribio, kipande kilichosalimika huwekewa mshale mdogo unaoelekea kulia: hakijakatika, na jaribio lilisimamishwa. Ni hilo tu mshale unalosema.

“Kuharakisha jaribio ni kudanganya.”

Inategemea kipande kiko wapi. Hewani, kwenye joto la kawaida, ufa wa chuma haujali sana mwendo. Kuna mashine za mtetemo zinazopiga mara 100 hivi kwa sekunde na kumaliza milioni 2 ndani ya saa 6, na matokeo yake yanakubalika. Kwenye maji ya chumvi mambo ni mengine, kwa kuwa kutu inahitaji muda ili ifanye kazi yake kwenye ncha ya ufa. Anayetaka kujua mshono wa jukwaa la baharini utaishi vipi lazima aufuate mwendo wa mawimbi. Kwa mzunguko mmoja kila sekunde 6, milioni 2 ni siku 139, usiku na mchana, kwa kipande kimoja.

Na kimoja hakitoshi. Vipande vilivyochomelewa na mtu mmoja, kwa pleti moja, siku moja, huweza kutofautiana uhai mara mbili, mara tatu, hata zaidi, kwa sababu kila ukingo una vijitakataka vyake. Mstari wa kanuni hauchorwi katikati ya nukta za grafu. Hushushwa hadi vipande 95 kati ya 100 vitarajiwe kuwa juu yake. Muuzaji anayekuonyesha nukta moja nzuri, mwombe zile nyingine.

“Mshono ukipendeza kwa nje, uko sawa.”

Si kweli. Tarehe 21 Oktoba 1994 asubuhi, kipande cha daraja la Seongsu mjini Seoul, Korea Kusini, kilidondoka mtoni Han na watu 32 wakafa. Daraja lilikuwa na miaka 15. Kwenye vyuma vilivyoning'iniza kipande hicho, weldi haikupenya unene wote wa pleti, kwa hiyo ndani ulibaki mwanya ambao hakuna aliyeuona kwa nje. Mwanya kama huo ni ufa uliokwisha kutengenezwa, na hukua kutoka ndani kuja nje. Anayekagua kwa tochi huuona ukiwa umebakiza safari fupi. Bila mawimbi ya sauti au picha za mionzi, mizizi ya mshono haionekani.

“Kusaga ukingo wa mshono kunaongeza uhai.”

Kweli, na ni miongoni mwa kazi chache za karakana zenye faida iliyothibitishwa kwa mashine. Kinachosagwa ni ule ukingo tu, si mshono mzima: kichwa kidogo cha mviringo kinachozunguka kwa kasi kinachimba mfereji laini, angalau nusu milimita chini ya uso wa pleti, ili vijitakataka vyote vitoke na kona igeuke kuwa mpindo. Mapendekezo ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji yanahesabu ongezeko la mkazo la mara 1.3, ambalo kwa kipeo cha tatu ni zaidi ya maradufu ya uhai. Njia nyingine ni kuugonga ukingo kwa nyundo ya hewa, ili ule mvuto wa ndani ugeuke mbano. Yellow Mill Pond ilitibiwa hivyo baadhi ya sehemu zake, boriti zikiwa bado mahali pake.

Faida hiyo ina masharti mawili. Kama ufa utaanzia kwenye mzizi, kama kule Seoul, kusaga nje hakusaidii kitu. Na kama fundi ana grainda ya diski tu, alama za diski lazima zielekee upande ule ule ambao chuma kinavutwa. Zikikata njia ya mvuto, kila mkwaruzo unakuwa mahali pengine pa ufa kuanzia.